Mwongozo wa Mgeni Anayeshuka Gatete Kuuliza Habari za Mapinduzi ya Watu Wengine

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja, naye anajijua. Umesoma makala mbili tatu kuhusu Waarabu walioangusha marais wao mwaka 2011. Umeifuatilia Sudani kwa muda, ukaiacha ilipoanza kuchosha. Kisha mtu pale Bujumbura akakudokeza kwamba ukiishika barabara ya ziwani kuelekea kusini, Rumonge na vijiji vyake vina Waislamu wengi, Kiswahili cha kutosha na watu wasio na haraka ya kukufukuza barazani. Ukaona umepata. Utashuka Gatete, utaketi, utawauliza wenyewe kwa nini nchi za Kiislamu zikiwaasi watawala wao hazifiki kwenye demokrasia.

Nenda. Hakuna atakayekuzuia ila petroli. Kwa miaka kadhaa sasa mafuta ya gari Burundi yanatafutwa kwa foleni ya kulala, na zile kilomita 70 na kitu kutoka Bujumbura hadi Rumonge huhesabiwa kwa lita, hazihesabiwi kwa saa. Ukiona vijana wanauza mafuta kwenye chupa kando ya njia, usiulize yamevuka kutoka wapi. Hoteli ya ufukweni uliyoelekezwa na rafiki yako aliyekuja mwaka 2017 ithibitishe kwanza kwa simu, maana ziwa limepanda miaka hii, limemeza nyumba, vibanda na kuta za watu wenye pesa na wasio na pesa, na huenda chumba ulichoahidiwa sasa kinakaliwa na samaki.

Mizigo mingine ni ya kichwani, na hiyo ndiyo inayowaangusha wageni wengi. Iache Bujumbura. Iache hasa ile sentensi isemayo kwamba Uislamu na demokrasia haviivi chungu kimoja. Ni sentensi nzuri, inatamkika, na humfanya msemaji aonekane amesoma. Tatizo lake ni kwamba Gatete kuna wazee watakaokuomba uipitishe nchi moja baada ya nyingine, na wewe ulikuwa umejiandaa kwa Misri peke yake. Iache pia ile ya kwamba simu na mitandao ndiyo iliyoleta maasi. Mohamed Bouazizi, aliyejichoma moto mjini Sidi Bouzid, Tunisia, tarehe 17 Desemba 2010, alikuwa akiuza matunda na mboga kwa mkokoteni, na askari wa manispaa walimchukulia bidhaa na mizani. Ukimsimulia hayo mama anayeanika ndagala ufukweni, hatakuuliza alikuwa na wafuasi wangapi mtandaoni. Atakuuliza kama mizani ilirudishwa.

Ya vijana iache vilevile. Vijana wako kila mahali.

Jambo moja ulijue kabla hujafika, kwa sababu usipolijua utaumbuka katika dakika tano za kwanza. Burundi si nchi ya Waislamu. Ni nchi ya Wakatoliki, kisha Waprotestanti, na Waislamu ni wachache waliokusanyika mijini na kwenye mwambao huu, wengi wao wakiwa wajukuu na vitukuu vya watu waliovuka kutoka Ujiji na bara la Kongo kwa biashara tangu karne ya 19, au wa wenyeji waliosilimu kwa kufanya biashara na hao. Kumwendea shehe wa hapa ukitaka ajibu kwa niaba ya Cairo ni sawa na kumsimamisha padri wa Rumonge ajieleze kuhusu siasa za Poland. Ukiwa na hamu ya kujua Waislamu hawa walifanya nini wananchi walipoamka, swali lipo na jibu lake ni la heshima: walimuunga mkono Louis Rwagasore. Mwana huyo wa mfalme alianza kwa kuwaundia wafanyabiashara Waafrika ushirika mwaka 1957, na Waswahili wa Buyenzi, Bujumbura, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kumpa nguvu zao, wakati Wabelgiji na wakubwa wengine wakimtazama kwa jicho la pembeni. Chama chake cha UPRONA kilichukua viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 1961. Oktoba 13 akapigwa risasi akiwa hotelini kando ya ziwa hili hili. Huo ndio mpito wa kwanza wa kidemokrasia ambao Waislamu wa pwani hii walishiriki, na aliyefyatua risasi alikuwa Mgiriki aliyetumwa na wapinzani wa kisiasa. Dini haikuwamo.

Barazani

Salamu kwanza, na salamu ina urefu wake. Uliza hali ya nyumbani, ya watoto, ya ziwa, ya mawese, kwa utaratibu huo au mwingine, lakini mawese usiyaruke, kwa sababu bei ya jeri la mawese ndiyo habari kuu ya siku na wewe unaonekana mtu wa habari. Agiza chai ya watu wote waliokaa. Daftari lisitoke mfukoni kabla chai haijaletwa.

Akitokea kijana akasogeza kiti chake karibu nanyi bila kuagiza kitu, mada ihamie kwenye mpira. Wenyeji watakuwa wameshahama kabla yako. Wewe utaona tu kwamba mzee aliyekuwa akieleza Katiba sasa anaeleza kwa nini Yanga walifungwa. Mfuate huko huko. Usimwambie, "Tulikuwa tunasema kuhusu muhula wa tatu." Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini si lazima uwaonyeshe watu wote ilipofungwa.

Redio utaikuta. Usidhani kwa kuwa watu hawa wako mbali na Khartoum hawakuisikia Khartoum. Mwaka 2019, wiki zile Wasudani walipokuwa wameketi mbele ya makao makuu ya jeshi lao, serikali ya Burundi ilikuwa ndiyo kwanza imeifutia BBC leseni, tarehe 29 Machi, na Sauti ya Amerika nayo ilikuwa imefungiwa. Aprili 11 Omar al-Bashir akaanguka baada ya miaka 30. Watu wa mwambao waliipata habari ile kwa njia walizozijua, kwa sababu mawimbi ya redio hayasimami mpakani na ng'ambo ya maji kuna Kongo upande mmoja na Kigoma upande wa chini. Ndiyo maana utakutana na mtu anayekumbuka kwa raha kwamba Jenerali Awad Ibn Auf, aliyetangaza kumwondoa Bashir, alikaa kitini siku moja tu kabla waandamanaji hawajamkataa naye pia. Akaja Abdel Fattah al-Burhan. Huyo hakukataliwa vya kutosha.

Sudani ndiyo somo watakalokupa bila kuombwa, kwa sababu ina kila kitu. Ilianza Desemba 2018 kwa bei ya mkate mjini Atbara, mji wa reli. Hawakuwa wageni wa kazi hiyo: Wasudani walishawahi kuwang'oa wanajeshi kwa maandamano na migomo Oktoba 1964, wakarudia Aprili 1985. Mara hii ya tatu wanawake walikuwa mbele, vyama vya madaktari na walimu vilipanga ratiba, watu walipika pamoja na kulala pamoja barabarani. Juni 3 wanajeshi wakawaingilia alfajiri, mwisho wa Ramadhani, wakaua zaidi ya mia moja na miili mingine ikatupwa Mto Nile. Bado watu walirudi barabarani, na Agosti ukatiwa saini mkataba wa kugawana madaraka kati ya raia na wanajeshi. Hapo ndipo mzee atakapokutazama kama mwalimu anayesubiri jibu. Raia walipewa wizara. Wanajeshi walibaki na makampuni yao, na Mohamed Hamdan Dagalo, mfanyabiashara wa ngamia aliyegeuka jenerali, akabaki na wapiganaji wake na dhahabu yake. Oktoba 25, 2021 waziri mkuu Abdalla Hamdok akakamatwa. Aprili 15, 2023 majenerali wawili waliobaki mezani wakaanza kupigana wao kwa wao, na Khartoum yenyewe ikateketea.

Ukisema, "Unaona, nchi ya Kiislamu," utakuwa umerudi mwanzo, na utatozwa faini ya maswali. Indonesia je, Waislamu wengi kuliko nchi yoyote duniani, walimtoa Suharto Mei 1998 baada ya miaka 32, wakapiga kura mwaka uliofuata, na tangu 2004 wanamchagua rais wao moja kwa moja? Senegal je? Hiyo Senegal iandike pembeni, tutairudia, au tuseme wao watairudia. Misri nayo watakupa, lakini kwa sababu nyingine na uliyoitarajia. Mohamed Morsi alichaguliwa Juni 2012 kwa asilimia 51.7, akatolewa na jeshi Julai 3, 2013, na aliyemtoa, waziri wa ulinzi aliyemteua mwenyewe, akashinda uchaguzi wa 2014 kwa karibu asilimia 97. Jeshi la Misri lina viwanda, lina vituo vya mafuta, linatengeneza hadi tambi. Watu wa Gatete wanaelewa biashara. Jeshi lenye kiwanda cha tambi halisubiri kura ziseme nani awe mkaguzi wa hesabu zake.

Tunisia huwatia huzuni, nami pia. Walifanya karibu kila kitu kilichoandikwa vitabuni: Ben Ali alikimbilia Saudi Arabia Januari 14, 2011, wakaandika Katiba mpya kwa kubishana miaka mitatu, chama cha Kiislamu cha Ennahda kikaachia serikali kwa mazungumzo badala ya kuing'ang'ania, na mwaka 2015 vyama vinne vya kiraia, cha wafanyakazi kikiwa mbele, vikapata Tuzo ya Nobeli ya Amani. Julai 25, 2021 rais waliyemchagua kwa kishindo, Kais Saied, mwalimu wa sheria ya Katiba, akalifunga bunge. Wengi walishangilia. Bei ya vitu ilikuwa imewachosha, na bunge lilikuwa limewachosha zaidi. Mgeni anayetafuta mkosaji mwenye ndevu hapa atatoka mikono mitupu.

Zanzibar itakuja yenyewe

Hutakuwa na haja ya kuianzisha. Kiswahili kikizungumzwa na dini ikitajwa, na siasa ikiwa imekaa katikati, mtu mmoja atasema "Unguja" na wengine watavuta viti. Wapo wenye ndugu Kigoma wenye ndugu Dar es Salaam wenye ndugu Unguja. Habari husafiri kwa njia hiyo na hufika na chumvi yake.

Hatari kwa asiyejihadhari ni kuyataja Mapinduzi ya 1964 kwa sura moja mbele ya watu wote. Kabla hujafungua mdomo jifunze hesabu ya uchaguzi wa Julai 1963: chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31, vyama vya ZNP na ZPPP, kwa kura chache zaidi, vikapata 18 na serikali. Waingereza wakakabidhi uhuru Desemba 10, wakafunga virago. Mwezi mmoja baadaye, usiku wa kuamkia Januari 12, kambi za polisi zikavamiwa. John Okello, mtu wa Uganda aliyejipa cheo cha Field Marshal, akatangaza redioni adhabu za kutisha, na kabla ya mwaka kufika katikati wenzake wakawa wameshamfukuza visiwani. Maelfu waliuawa, Waarabu wengi na Wahindi. Sultani Jamshid akapanda meli; alikufa Muscat mwishoni mwa 2024 baada ya miaka mingi Uingereza.

Sasa tazama kilichofuata, maana hapo ndipo watu wa Gatete wanakuelewa nawe unaanza kuwaelewa. Serikali ya Abeid Karume ilitaifisha ardhi na kuigawa kwa wananchi, eka tatu tatu. Mjukuu wa aliyepewa eka tatu na mjukuu wa aliyenyang'anywa shamba la mikarafuu wanaweza kuswali safu moja Ijumaa, kwa imamu mmoja, wakatoka nje wakiwa na tarehe 12 Januari mbili tofauti. Wote Waislamu, wote Waswahili, wote wanajua mti gani ulikuwa wa nani.

Kura zilirudi mwaka 1995, miaka 32 baada ya ule uchaguzi wa 1963, na zilirudi kwa desimali. Salmin Amour asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad 49.8. Wakagombana miaka mitano, na Januari 2001 polisi wakawapiga risasi waandamanaji Pemba. Serikali yenyewe ilihesabu maiti 31, na zaidi ya watu 2,000 wakavuka kwa majahazi na mashua hadi Shimoni, Kenya. Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wakisikia habari ya watu kuvuka maji usiku kukimbia kura, hawahitaji ramani.

Kisha ukatokea muujiza mdogo ambao haukupata picha nyingi magazetini. Novemba 2009 Seif na Amani Karume, mtoto wa yule Karume, waliketi wawili, wakakubaliana. Julai 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura wa visiwa walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Oktoba mwaka huo Ali Mohamed Shein akapata 50.1, Seif 49.1, na hakuna aliyekufa. Visiwa ambavyo karibu watu wake wote ni Waislamu, bila mzungu msuluhishi mezani, vilikuwa vimekubaliana jinsi ya kushindwa. Ukitaka mfano wa mpito, ulikuwa huo. Ulidumu miaka mitano. Oktoba 28, 2015, kura zikiwa bado zinatangazwa, mwenyekiti wa tume Jecha Salim Jecha akaufuta uchaguzi mzima kwa tamko. Marudio ya Machi 2016 chama cha Seif, CUF, kiliyasusia, na Shein akapata asilimia 91.4. Mtu mmoja na karatasi moja.

Mwaka ule ule wa 2015, ndugu msomaji, watu wa Burundi walikuwa na shughuli zao.

Mwaka uliotangulia, Oktoba 2014, watu wa Burkina Faso, nchi yenye Waislamu wengi kuliko Wakristo, walilichoma jengo la bunge lao ili Blaise Compaoré asiguse kifungu cha 37 cha Katiba na kujiongezea muda baada ya miaka 27. Siku ya pili akajiuzulu. Bujumbura iliitazama Ouagadougou kwa makini sana. Rais Pierre Nkurunziza alipotangazwa mgombea wa muhula wa tatu Aprili 25, 2015, maandamano yalianza kesho yake Musaga, Nyakabiga, Cibitoke na Ngagara, na wataalamu wa aina yako wakaandika kwamba Burundi itakuwa Burkina. Mei 13 rais akiwa Dar es Salaam kwa mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza redioni kwamba amempindua. Watu wakacheza barabarani. Siku mbili baadaye mambo yalikuwa yamekwisha, redio binafsi zimechomwa, na wanajeshi waliobaki na rais ndio waliokuwa na studio ya taifa.

Hapa mwambaoni hayo yote yalionekana kama watu wanaotembea kwenda kusini na mashua zilizojaa. Kijiji cha Kagunga, upande wa Tanzania, kipande chembamba cha mchanga kati ya mlima na maji, kilipokea makumi ya maelfu mwezi ule, kipindupindu kikaingia, na MV Liemba, meli waliyoijenga Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikawa inabeba mamia kwa mamia hadi Kigoma. Ukikutana na mtu aliyepanda, usimuulize alikuwa upande gani. Muulize alilipa kiasi gani mashua ya kufika Kagunga, na utajifunza uchumi wa maasi zaidi kuliko kwenye semina yoyote.

Mwezi wa nne, mwaka wa 72

Sehemu hii haina mzaha, na mgeni hupaswa kuijua ili anyamaze mahali pake.

Tarehe 7 Aprili 1972 Karume aliuawa kwa risasi Unguja, makao makuu ya chama, Kisiwandui. Wiki tatu baadaye, jioni ya tarehe 29, uasi wa Wahutu ulilipuka hapa: Rumonge, Nyanza-Lac na mwambao uliopo kati yake. Waasi waliua mamia ya watu, wengi wao Watutsi, kwa mapanga na kwa bunduki chache walizokuwa nazo. Serikali ya Michel Micombero iliwamaliza kwa muda mfupi, kisha ikaendelea, nchi nzima, kwa orodha: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari, mapadri, wauguzi, wafanyabiashara, yeyote Mhutu aliyejua kusoma au aliyekuwa na duka. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na kwenda juu. Watu wa pwani hii walivuka ziwa au walipanda milima kwenda Tanzania, wakapelekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima huko, wakazaa huko, na zaidi ya 160,000, wao na watoto wao, wakapewa uraia wa Tanzania.

Michikichi waliyoiacha haikukauka. Wengine waliletwa kukaa, wengine walinunua kwa nia njema, pengine serikali ilichukua ikapanda mashamba ya mradi. Mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000 ulipowarudisha wakimbizi, mtu alikuta nyumba yake ina mama anayepika ndani yake, na mama huyo alizaliwa humo. Ikaundwa tume ya ardhi na mali nyinginezo mwaka 2006. Chini ya Padri Astère Kana mara nyingi ilisuluhisha kwa kugawa, nusu kwako nusu kwangu. Kuanzia 2011, chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, ikaelekea kumrudishia mwenyewe chote. Nusu iliwaudhi wote wawili. Chote kiliwatoa watu kwa polisi. Kuna mashamba mwambaoni hapa ambayo yameamuliwa, yakaamuliwa upya, na wenye kesi bado wanakata machikichi upande huu na ule wa mtaro mmoja, wakikaushiana.

Ukikaa muda wa kutosha utaona ugomvi wenyewe ulivyo. Mzee mmoja atasimama mbele ya mchikichi, atakuonyesha kwenye shina kovu la panga lililopanda pamoja na mti, na atakuambia baba yake alilipiga lini na kwa nini. Jirani yake atakuonyesha mti uo huo na karatasi yenye muhuri. Hakuna kati yao aliyewahi kukutajia mabadiliko ya Katiba, na wote wawili wanazungumzia mabadiliko ya Katiba.

Kwa hiyo mtu wa Gatete akisikia redioni kwamba mtawala fulani ameanguka Dhaka au Damascus, haulizi kwanza kama wapya wanaswali. Waziri mkuu wa Bangladesh, Sheikh Hasina, alipokimbilia India Agosti 5, 2024, swali la barazani lilikuwa vile vyeo vya serikali walivyokuwa wametengewa wajukuu wa wapigania uhuru sasa vinakwenda kwa nani. Ilikuwa ndiyo sababu wanafunzi walianza. Mgeni aliyekuja na maswali kuhusu sharia huona kwamba amejibiwa kitu kingine. Amejibiwa sawasawa.

Mtihani wa mwisho

Siku ya kuondoka watakurudisha Senegal. Nchi ya Waislamu asilimia zaidi ya 90, haijapata kupinduliwa na jeshi hata mara moja. Februari 2024 Rais Macky Sall aliahirisha uchaguzi. Vijana waliingia barabarani, na Baraza la Katiba likalifuta tangazo lake. Mpinzani Bassirou Diomaye Faye akatoka gerezani siku kumi kabla ya kura, Machi 24 akashinda duru ya kwanza. Swali watakalokuuliza ni hili: mgombea wa serikali, Amadou Ba, alimpigia simu kumpongeza siku gani? Jibu ni kesho yake. Ukijibu hivyo utaongezewa chai. Ukiongeza kwamba Abdoulaye Wade alimpigia Macky Sall usiku ule ule wa Machi 2012, na Abdou Diouf alimpigia Wade mwaka 2000, utaanza kuitwa mwanetu.

Hapa ndipo mgeni mzuri huanguka. Hufurahi, huchukua kalamu, huandika kwamba siri yote ni aliyeshindwa kupiga simu. Atamwachia mzee nafasi ya kumalizia, na mzee atamalizia hivi: hata sisi aliyeshindwa alikubali. Juni 1, 1993 Melchior Ndadaye alimshinda Pierre Buyoya kwa karibu asilimia 65. Buyoya akakubali mbele ya dunia, akakabidhi Julai 10, akasifiwa. Usiku wa kuamkia Oktoba 21 wanajeshi wakamtoa Ndadaye, wakampeleka kambini, wakamuua, pamoja na spika wa bunge Pontien Karibwami na naibu wake. Julai 1996 jeshi likatwaa nchi, na aliyewekwa kitini ni Buyoya.

Ukibaki na swali la dini baada ya hapo, msikiti uko pale mbele, rangi ya kijani, hupotei. Ila shehe hutamkuta. Leo ameshuka Rumonge, ana kesi ya michikichi.